Baba Yake Fundi Yuko Wodini Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vizuri, na nimeimaliza nikiwa sijielewi. Niandike kabla sijachanganya mambo.

Zamu ya asubuhi. Wodi ya moyo imejaa isipokuwa kitanda kimoja, cha dirishani. Nikajisemea, leo angalau tutapumua. Hata sijamaliza kujisemea, lifti ikafunguka. Kiti cha magurudumu, na juu yake mzee mwenye kifua kipana kama mlango, miguu imevimba mpaka viatu vimekataa. Kavaa kandambili, tena zimepasuliwa pembeni. Anahema kama aliyekimbizwa. Na bado anagombana! Anamwambia anayemsukuma kwamba kona ile ameikata vibaya.

Nyuma yake mama mmoja na begi. Nyuma ya mama — Fundi.

Fundi wangu! Na ovaroli lake la kazi, bisibisi mfukoni, macho mekundu kwa kulia. Mwanamke aliyekuja mwaka jana kutengeneza taa za wodi hii akaondoka na akili zangu. Jumamosi hii mjomba na shangazi walikuwa waje kwao kunitambulisha. Baba yake sijawahi kumwona hata kwenye picha. Leo nimeletewa hadi mlangoni, kwa magurudumu!

Tukaangaliana. Akatikisa kichwa kidogo sana. Hapana, usiseme. Nikajikaza kisabuni. Shikamoo mzee, karibu. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akauliza daktari yuko wapi.

Moyo wake umepanuka, hausukumi damu inavyotakiwa. Maji yamejaa miguuni na yameanza kupanda mapafuni. Tumempa oksijeni, sindano ya kutoa maji, tukamwegemeza kwenye mito. Mchana alikuwa anatoa sentensi nzima bila kukatika. Sentensi yenyewe ilikuwa ya kuilalamikia mito.

Kwenye korido Fundi akaniambia kilichobaki. Baba ana bucha. Anajua mchumba wa bintiye anafanya kazi hospitali hii, wodi ya moyo. Basi mengine akajijazia mwenyewe: anaamini ni daktari, wala si nesi. Ameshautangazia mtaa mzima. Nikamuuliza kwa nini hakumsahihisha. Akasema baba alifurahi mno siku ile, akaona atamwambia kesho, na ile kesho haijafika mpaka leo.

Na daktari ameagiza mzee asipewe habari za kumshtua.

Kwa hiyo hatumwambii. Mpaka atulie. Nitamhudumia kama mgonjwa mwingine yeyote, na siku akijua aseme ndiyo au hapana. Nimeandika hivi kwa ujasiri. Ujasiri wenyewe sijui kama utafika asubuhi.


Jumanne, 5 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Wagonjwa wa aina yake tunawapima uzito kila asubuhi, kabla ya chai, wakishatoka msalani, na nguo zile zile. Maji yakianza kurudi mwilini, mizani inajua kabla ya miguu. Nikamweleza. Akanisikiliza, akaitazama mizani yetu kwa dharau kubwa. Akasema yeye amewapimia watu nyama maisha yake yote, leo hawezi kupanda juu ya mizani asiyoijua tabia yake.

Amegoma! Mzee wa watu kasimama na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, anadai mizani ithibitishwe kwanza. Wodi nzima imenyanyua shingo. Nikaenda stoo, nikaleta chupa za dripu za lita moja moja, nikazipanga juu ya mizani. Zikasoma sawasawa. Akaongeza moja kwa mkono wake. Sawasawa. Akainama mpaka pua ikakaribia namba — nikamshika kiuno asianguke — akasema, "Haya. Hii ni mizani ya haki." Akapanda kwa heshima zote.

Akasoma uzito wake akatikisa kichwa. "Mfupa mwingi," akasema.

Kwenye kitanda cha jirani yupo babu mmoja anayesubiri kuwekewa kifaa cha kusaidia mapigo. Tunamwita Babu Redio, maana redio yake haizimwi mpaka azimiwe. Yeye ndiye aliyepaza sauti kuuliza: steki ni bei gani leo? Tangu hapo mgeni wetu ana jina. Mzee Kilo. Amelipokea vizuri sana.

Nimemweleza Sista Mkuu ukweli wote. Haipendezi mkuu wa wodi asijue. Akaweka kichwa mezani akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Alipoinuka alikuwa Sista Mkuu tena. Dawa zote za mzee zikaguliwe na nesi wa pili, kisha nifanye kazi yangu, nisimpendelee na nisimwogope.

Kutompendelea naweza.


Jumatano, 6 Machi

Mzee Kilo anamsaka mkwe wake.

Kila daktari akipita anamwangalia kuanzia unyayo hadi utosini. Wa kwanza ameonekana mzee mno. Wa pili ana pete. Amebaki Daktari Miwani, yule kijana mpya, mpole, anayewaomba radhi mpaka viti. Mzee amemshika pale pale. Anatoka kwa nani? Anakula nini? Anaogopa umeme?

Daktari Miwani akasema hapana, haogopi umeme. Mzee akamkonyezea jicho. Daktari wa watu ametoka pale ameniuliza kama mgonjwa anachanganyikiwa, labda oksijeni imepungua. Nikapima. Oksijeni ilikuwa safi kabisa.


Ijumaa, 8 Machi

Maji yanatoka! Asubuhi mizani imeshuka tena. Miguu ambayo Jumatatu ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, leo shimo ni dogo na linajaa upesi. Ameona vifundo vyake mwenyewe. Akamwita mke wake avione. Akamwita Babu Redio avione. Nadhani angewaita na wapita njia kule chini kama dirisha lingefunguka.

Nampenda huyu mzee. Niandike tu, hakuna anayesoma. Sikutarajia. Nilijiandaa kumheshimu, kumvumilia, kumwogopa kidogo. Lakini asubuhi ninapomsugua mgongo kwa maji ya moto anaimba! Hajui maneno ya wimbo wowote mpaka mwisho, akifika yanapokwisha anaweka majina ya vipande vya nyama. Paja, mbavu, sarara. Leo mimi niliitikia. Paja, mbavu, sarara. Sista Mkuu akafungua pazia kuona kuna nini, akalifunga tena taratibu.

Tunagombania jambo moja tu: maji ya kunywa. Ana kiasi chake cha siku nzima, namwekea kwenye jagi. Anasema hata ng'ombe wake wa mwisho walikunywa zaidi. Nikamwambia ng'ombe wa mwisho hawakurudi nyumbani, mzee, wewe unarudi. Akacheka mpaka akakohoa, nikatubu.

Mama, mke wake, ananitazama sana. Leo amenipa ndizi mbili.


Jumamosi, 9 Machi

Leo ndiyo ingekuwa siku yangu. Mjomba amepiga simu asubuhi, amekasirika kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha mzee presha. Suti ameshaipiga pasi. Nikamwambia aitundike. Akauliza mpaka lini? Nikasema mpaka moyo wa baba utulie. Akasema basi nimtunze vizuri, maana shangazi ameshashona na kitambaa chake hakioshwi ovyo.

Jioni nimekaa na Fundi kwenye ngazi za nyuma, robo saa. Alikuwa na waya shingoni kama mkufu. Akasema anaogopa vitu viwili na hajui kipi kinamtisha zaidi: baba asipone, au baba apone aseme hapana. Mimi nikasema cha kwanza. Akaniegemea begani. Kesho sina zamu. Nitalala mpaka niamshwe na njaa.


Jumatatu, 11 Machi

Siku mbaya, ikaisha vizuri. Mkono bado mzito.

Asubuhi mizani imepanda. Kilo mbili! Mzee akasema mizani imeharibika. Nikaleta chupa za dripu. Mizani haijaharibika. Akasema basi ni blanketi. Hakuwa na blanketi.

Nikajua kuna kitu. Nikasema nabadilisha mashuka. Kwenye foronya ya mto wa chini, ndani kabisa, gazeti limeviringishwa, na ndani ya gazeti vipande vya nyama iliyokaushwa kwa chumvi. Nyeusi, ngumu, inanukia vizuri kweli. Kaka yake alikuja jana kumwona, akamletea kutoka bucha ya mzee mwenyewe. Mzee alikuwa anatafuna tangu jana, kimoja kimoja, chini ya shuka.

Hapa ndipo nilipojua kwamba kuogopa naogopa. Kwa sekunde chache niliishika ile nyama na nikawaza: irudishe, funga mdomo, huyu ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Kisha nikaiangalia ile miguu. Ilikuwa inang'aa tena.

Nikamwambia hii naondoka nayo, na daktari lazima ajue.

Akapandisha mori! Mimi ni nani nimtoe nyama kinywani? Nesi wa kubadilisha mashuka! Nikamjibu ndiyo, mzee, mimi ndiye wa mashuka, ndiyo maana nimeiona. Akasema nisubiri, mkwe wake ni daktari hapa hapa, atanihamishia mochwari nikabadilishe mashuka ya wasiolalamika. Babu Redio akazima redio. Hajawahi kuizima mwenyewe tangu aletwe.

Nikasema nitakwenda mochwari, mzee, lakini mimi na wewe hatuendi pamoja. Chumvi inavuta maji. Maji yakijaa moyo unashindwa. Nilijaribu kusema kwa upole.

Akageukia dirishani.

Baada ya chakula cha mchana akanyoosha mkono tu, hakuweza kuita. Alikuwa anatafuta hewa. Midomo imebadilika rangi, jasho, kifua kinalia kama chungu kinachotaka kuchemka. Nikamkalisha wima, miguu ikining'inia nje ya kitanda, oksijeni usoni, nikabonyeza kengele ya dharura. Sista Mkuu na sindano, Daktari Miwani akija mbio, miwani mkononi. Dawa ikaingia. Halafu kungoja. Kungoja ndiko kunakoua. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikilia asianguke mbele, na kumwambia avute, atoe, avute, atoe. Alinishika mkono kwa nguvu ya mtu aliyevunja mifupa kwa shoka miaka yote. Sikuutoa.

Nilimwomba Mungu kama mtoto. Sikuomba habari ya ndoa hata kidogo.

Ikapita. Maji yakaanza kutoka, pumzi ikashuka, rangi ikarudi. Alipoweza kusema alisema, "Ilikuwa nyama nzuri lakini."

Nikaenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kugawa dawa.


Jumanne, 12 Machi

Mzee mpole. Amekula uji usio na chumvi mpaka chini ya bakuli, huku ananiangalia nione. Hakuomba radhi, ila alipopanda mizani alivua na saa yake ya mkononi, ili ajipunguzie. Imeshuka!

Kaka yake alikuja tena mchana. Mzee amemfukuza na kifurushi chake kabla hajavuka mlango. Sauti imesikika mpaka maabara.

Mkono wangu una alama nne za vidole. Fundi ameziona, akazibusu moja moja pale kwenye ngazi. Alhamisi ana nusu siku, atakuja mapema.


Jumatano, 13 Machi

Leo somo la mapigo. Ameanzishiwa kidonge kidogo cha kutuliza mapigo yake, maana yanakimbia bila mpangilio. Kidonge hicho si cha mchezo. Kila siku kabla ya kumeza, mgonjwa ajishike mkono na kuhesabu dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini, asimeze, apige simu. Sasa lazima ajue kuhesabu kabla hajarudi nyumbani.

Nilidhani tutasumbuana. Vidole vile vinene! Lakini nilipomwekea vidole viwili chini ya kidole gumba, pale kwenye bonde, akatulia ghafla. Akafumba macho. Akasema mioyo ameshika mingi sana, ila yote ilikuwa imeshasimama.

Kisha akafungua macho na uso wake ukawa wa mtoto. "Unapiga," akasema. "Huu unapiga!"

Basi tumekwisha. Anapima kila kiumbe. Amempima mke wake, akasema unakwenda kama cherehani nzuri. Amempima Babu Redio, akasema huyu apelekwe upesi, unaacha kipande na kuruka, kweli kabisa, ndicho kinachomngojesha hapa. Amempima mama wa usafi, na ndoo yake mkononi. Amempima Daktari Miwani kwa muda mrefu mno, amemshika mkono huku akimwambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake ni mkali lakini ana moyo mwema. Daktari Miwani akasema asante. Aibu ilimjaa mpaka akavua miwani kuifuta. Nikajificha nyuma ya kitoroli cha dawa.

Daktari mkubwa amesema akiendelea hivi, Jumamosi anaruhusiwa. Anarudi nyumbani!

Nimefurahi sana. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi sina tena sababu ya kunyamaza.


Alhamisi, 14 Machi

Amejua.

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Nilikuwa nimemaliza kumwangalia presha. Mama ameketi upande wa dirisha anamenya chungwa. Mzee akasema wote wamepimwa isipokuwa mimi. Nikasema nina kazi. Akasema kazi yangu ni yeye. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikampa mkono. Ule ule wenye alama. Akaziona, akazigusa kidogo kwa kidole gumba. Akaweka vidole viwili mahali pake. Safi kabisa, kama nilivyomfundisha. Jicho kwenye saa ya ukutani. Midomo inahesabu.

Mlango ukafunguka, Fundi akaingia.

Si kwa ovaroli. Kwa gauni! La rangi ya kijani, na nywele amesuka upya, na bisibisi hana. Sijawahi kumwona hivyo mchana wa kazi. Mimi uso niliufunga, naapa. Nilitazama ukuta. Sikutabasamu, sikugeuka, mwili wote niliubana.

Lakini mkono ulikuwa kwa mzee.

Moyo ulitoka mbio. Niliusikia masikioni. Nilitaka kuuvuta mkono nikashindwa, maana mgonjwa anahesabu, na mimi ndiye niliyemwambia mapigo yanahesabiwa dakika nzima. Midomo ya mzee ikasimama. Akanyanyua macho polepole akamtazama bintiye. Akayashusha kwangu. Akayapandisha tena kwa Fundi, ambaye alikuwa amesimama katikati ya wodi na mfuko wa matunda, mdomo wazi. Kisha akarudi kwenye saa — na akaendelea kuhesabu! Mpaka mwisho! Ile dakika ilikuwa na urefu wa mwaka.

Akauachia mkono wangu taratibu, akauweka juu ya shuka kama kitu kisicho chake. Mama akauliza, mangapi?

"Mengi," akasema mzee.

Basi. Fundi akamsalimu, akaitikia. Akala chungwa. Akageukia dirishani akalala, au akajifanya amelala. Mama akanitazama kwa jicho la huruma, na hapo nikaelewa kwamba yeye amejua tangu zile ndizi.

Nilimpima tena baadaye, kwa kisingizio. Moyo wake umetulia. Hakuna mshtuko wowote. Wangu ndio uliohitaji kidonge.


Ijumaa, 15 Machi

Naandikia kwenye stoo ya mashuka, nimekaa juu ya furushi. Ni mapumziko yangu, sina hamu ya chai.

Asubuhi nimeingia na beseni, maji ya moto, taulo, sabuni yake. Jana usiku nilijipanga: nitamwogesha, nitamwambia mwenyewe, kiume, mimi ndiye, si daktari, ni nesi, nampenda binti yako. Anajiosha mwenyewe siku hizi, lakini mgongo na miguu bado, akiinama pumzi inakata. Nimeyarudia maneno njia nzima kutoka bombani.

Nimevuta pazia. Mzee kuniona na beseni, akavuta shuka mpaka shingoni.

Hapana, akasema. Si huyu. Aletwe mwingine.

Nikafikiri sijasikia vizuri. Nikamwambia maji yatapoa, mzee. Akapaza sauti, wodi nzima ikasikia: kuanzia leo huyu kijana asimguse, asimwogeshe, asimkaribie na hilo beseni lake, aitwe Sista Mkuu sasa hivi. Hakunitazama. Wiki nzima ameniimbia, leo hakunitazama!

Sista Mkuu akaja, akainamisha sikio, mzee akimnong'oneza. Akanipokea beseni, akampa nesi mwenzangu. Mimi nikapewa upande wa pili wa wodi. Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema nikafanye kazi yangu, akageuka haraka. Nilidhani amegeuka kwa kunionea huruma.

Nimempigia Fundi. Yuko juu ya ngazi mahali, anafunga taa. Akasema jana njia nzima mama hakuzungumza naye ila alikuwa anaimba. Baba hajamwambia lolote. Nikamweleza ya beseni. Akasema anashuka, anakuja. Nikamwambia ashuke polepole.

Basi nikaja humu kukunja mashuka. Ukuta wa stoo ni ubao tu, na upande wa pili ni kitanda cha dirishani. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Nilikuwa nakunja. Nikamsikia Babu Redio anamuuliza mwenzake kwa hasira: kijana wa watu kamkosea nini? Si ndiye aliyemshika siku ile mpaka pumzi ikarudi? Au kwa sababu si daktari?

Nikasimama na shuka nusu limekunjwa. Kisha mzee akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyefikwa na aibu kubwa, hata si hasira:

"Wewe una akili kweli? Mkwe wangu huyo! Mkwe aniogeshe? Amenisugua mgongo wiki nzima, ameniona nilivyozaliwa, nimemwimbia! Sasa nitamtazamaje nyumbani kwangu, mezani, mbele ya mjomba wake?"

Babu Redio akaanza kucheka. Akacheka mpaka mashine yake ikalia, nikasikia mwenzangu anakimbilia kuizima. Mzee anamwambia anyamaze, si la kucheka, kuna heshima duniani. Na yule akawa anazidi.

Nimekaa chini. Nimekaa kabisa, juu ya mashuka safi, na Sista Mkuu akija ananiua.

Mkwe wangu. Amesema mkwe wangu! Hajaniambia mimi. Hajamwambia Fundi. Pengine hajajiambia vizuri hata yeye mwenyewe. Kesho anatoka, na hakuna aliyemuuliza, na mjomba suti yake bado imetundikwa. Lakini nimesikia kwa masikio yangu mawili.

Kengele. Ya dirishani.

Nimeitikia, nimerudi. Mwenzangu aliitwa katikati ya kumwogesha mzee, ameshuka na Babu Redio kwenye kipimo, kwa hiyo nilikwenda mimi, nifanyeje? Nilichungulia tu kwenye pazia. Mzee kakaa ukingoni, sabuni mgongoni, maji yanachuruzika, taulo limeanguka sakafuni asikoweza kulifikia. Akaniona. "Si wewe!" akapiga kelele. Akajifunika kwa mto. "Si wewe! Mwite mwingine!"

Hakuna mwingine, mzee.

Basi nigeuke, akasema. Nigeukie ukutani, nimrushie taulo kwa nyuma. Nikageuka. Nikarusha. Limeangukia kwenye beseni. Kisha nyuma yangu nikasikia kitanda kinatikisika. Nikafikiri ni pumzi, nikashtuka nikataka kugeuka. Kumbe anacheka! Anacheka huku anatetemeka kwa baridi, sabuni mwilini, ananikataza nisigeuke.

Nimekuja kuchukua taulo kavu. Ninalo mkononi, naandika kwa mkono mwingine. Korido nzima nasikia viatu vya kazi vinakuja mbio — vya Fundi, hakuna mwingine anayekanyaga hivyo — na mzee anabonyeza kengele, haachi.